Pikapu Iliyoinuliwa Kabla ya Kutibiwa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Gari hili lilinifikia likiwa limepita mikononi mwa mafundi wawili na limekwisha kufunguliwa silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) mara moja. Nimeondoa jina la mwenye gari, mahali, na kila alama inayoweza kumtambulisha mtu. Hatua za matengenezo, vipimo na makosa nimeviacha vilivyo, yakiwemo makosa yangu.

Usuli

Mwenye gari ni fundi ujenzi anayejitegemea. Alitaka chombo cha kubeba mbao, saruji na zana, kidogo kiasi cha kupenya njia nyembamba, na ambacho angeweza kukitengeneza mwenyewe kwa sehemu kubwa. Akachagua Toyota Hilux ya 1987, kebini moja, gia tano, inayoendeshwa na magurudumu ya nyuma. Injini ni 22R ya petroli, silinda 4, sentimita za ujazo 2366, kabureta, bloku ya chuma cha kutupwa na hedi ya alumini. Mbele inabebwa na toshenba (vyuma virefu vinavyojipinda badala ya springi), nyuma na springi za majani.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa mzuri. Hii ni injini ambayo mtu akiinua boneti anaona kila kitu na mkono unafika. Haina kompyuta ya kuulizwa, na ikitunziwa oili na maji yake hufanya kazi miaka mingi sana. Lakini ina mahali pamoja ambapo mnunuzi yeyote anapaswa kupajua kabla ya kutoa pesa. Injini za 22R za mwanzo zilikuwa na cheni ya taimingi (mnyororo unaozungusha valvu kwa wakati wake) ya safu mbili. Kuanzia 1983 cheni ikawa ya safu moja, ikiongozwa na reli za plastiki. Plastiki ikizeeka kwa joto hukauka na kukatika. Reli ikikatika, cheni hubaki ikipigapiga ukuta wa ndani wa kava ya taimingi (kifuniko cha cheni mbele ya injini), na kava hiyo ni ya alumini. Nyuma ya ukuta huo kuna njia ya maji yanayotoka kwenye pampu. Cheni ikila ukuta hadi ukatoboka, maji ya rejeta huingia kwenye oili.

Mwenye gari hakujua hilo. Alijua kwamba injini hii ni ngumu, kama anavyojua kila mtu.

Siku ya kununua

Aliikagua mchana, muuzaji akiwa ameshaitoa nje na kuiosha. Iliwaka kwa ufunguo mmoja, ikatulia. Aliiendesha kama dakika kumi, ikavuta vizuri, gia zikaingia bila kukwaruza. Chini kila kitu kilikuwa cheusi, kimepakwa rangi mpya, jambo ambalo alilichukulia kuwa dalili ya gari lililotunzwa.

Miezi mingi baadaye, tulipokaa chini turudishe kumbukumbu nyuma, alinieleza kitu ambacho siku ile hakukipa uzito. Alipoegemea boneti ili aandike namba ya chasisi, aliondoa mkono haraka kwa sababu bati lilikuwa la moto. Gari lilikuwa halijatoka safari. Lilikuwa limewashwa kabla yeye hajafika.

Sisemi muuzaji alikusudia kudanganya. Huenda aliliwasha aliloshe tu. Lakini kwa injini hii, kuikuta ya moto ni kunyimwa habari muhimu kuliko zote. Tenshena ya cheni, kifaa cha kuikaza, husukumwa na presha ya oili. Injini ikiwa imelala usiku kucha, oili imeshuka yote kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na kwa sekunde mbili tatu za kwanza cheni iko legelege. Reli ikiwa imekatika, sekunde hizo husikika mkwaruzo mkavu mbele ya injini, kama mnyororo unaoburutwa juu ya bati, kisha kimya. Injini ya moto haisemi lolote.

Na ile rangi nyeusi ilikuwa imepakwa juu ya kila kitu: chasisi, mabomba ya breki, nati, hata mafundo ya waya. Mtu anayezuia kutu hukwangua kwanza, tena hufunika mabomba na waya kabla ya kupulizia. Rangi iliyopita juu ya tope kavu ilipakwa ili ionekane tu.

Mwezi wa kwanza: kuinua

Gari lilipokuwa lake, kazi ya kwanza aliyolipia ilikuwa kuliinua. Sababu yake ilikuwa halali: maeneo ya ujenzi yana vifusi na mashimo, na mara mbili alikuwa amekwaruza tumbo la gari. Fundi wa kwanza alifunga shakoli ndefu nyuma (viungio vya kushika ncha za springi), akaongeza jani moja la springi kila upande, na mbele akakaza bolti za toshenba mpaka pua ikapanda. Tairi zikabadilishwa kutoka 185R14 hadi 215/75R15. Ziliongezwa pia taa nne mbele.

Gari likapendeza. Mimi mwenyewe nilipoliona mara ya kwanza nililipenda lilivyosimama.

Kilichotokea baada ya hapo kilikuja kidogo kidogo. Tairi hizo mpya zina kipenyo cha karibu milimita 703 dhidi ya 650 za awali, yaani zaidi kwa asilimia 8 hivi. Spidomita, ambayo husoma kutoka giaboksi, ikaanza kusoma chini: ikionyesha 80, gari linakwenda takriban 86. Difu (gia za eksli ya nyuma) ya uwiano wa 4.1 ikawa inafanya kazi kama ya 3.8, kwa hiyo kupanda mlima na mzigo gia ya nne ikawa nzito na klachi ikaanza kuchoshwa wakati wa kuondoka. Tairi za mbele zililika ukingo mmoja kwa sababu kukaza toshenba hubadilisha pembe za magurudumu, na hakuna aliyezipima tena. Mwenye gari alilalamika pia kwamba mbele panagonga kila shimo: mikono ya sasipensheni ilikuwa imekaa karibu kabisa na mwisho wa mwendo wake wa kushuka, na boljointi (viungio vya magurudumu ya mbele) zimepinda kupita kiasi.

Baya kuliko yote halikuonekana. Chini ya bodi, karibu na eksli ya nyuma, gari hili lina valvu ya breki iliyounganishwa na eksli kwa fimbo. Kazi yake ni kupima mzigo. Bodi ikilemewa, umbali kati ya chasisi na eksli hupungua, fimbo husukuma valvu, na breki za nyuma hupewa presha zaidi. Bodi ikiwa tupu presha hupunguzwa ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Ukiinua nyuma bila kuirekebisha fimbo, valvu huamini kwamba gari ni tupu siku zote. Mwenye gari alikuwa akibeba saruji bodi nzima huku breki za nyuma zikifanya kazi kama hazina mzigo. Padi za mbele ziliisha ndani ya miezi michache, akabadilisha, zikaisha tena. Aliambiwa ni padi duni.

Sauti ya asubuhi

Mkwaruzo aliusikia wiki ya kwanza kabisa. Aliupeleka kwa fundi wa kwanza, akajibiwa: "Hizo ni valvu tu, kaka, tutaziseti." Zikasetiwa, injini ikiwa ya moto, milimita 0.20 za kuingiza na 0.30 za kutoa, kama inavyotakiwa. Asubuhi iliyofuata sauti ilikuwa pale pale.

Hapa ndipo kisa kilipoanza kupotea njia. Valvu zilizolegea hupiga tiki tiki mfululizo, kwa mwendo wa injini, na hazinyamazi kwa sekunde tatu. Sauti inayokuja na kukoma mara presha ya oili inapopanda inatoka kwenye kitu kinachotegemea oili ili kikazike. Lakini baada ya valvu kusetiwa mwenye gari aliridhika kwamba "imeshaangaliwa", akaizoea. Alikuja kuniambia kwamba ilifika wakati hakuisikia tena, ingawa mkewe aliisikia kutoka ndani ya nyumba kila alfajiri.

Hedi iliyofunguliwa bure

Mwezi wa tano maji ya rejeta yakaanza kupungua bila tone chini ya gari. Kisha kijiti cha oili kikatoka na utando mzito wa rangi ya udongo. Fundi wa pili akatamka gasketi ya silinda hedi. Ni jibu la haraka ambalo fundi yeyote angelifikiria kwanza, na kwa injini nyingi lingekuwa sahihi.

Hedi ikafunguliwa, ikapelekwa kupitishwa mashine, gasketi mpya ikafungwa, oili ikabadilishwa. Baada ya wiki tatu maji yakawa yanapungua tena.

Hakuna kilichopimwa kabla ya spana kushikwa. Kompresheni (presha ya mgandamizo ndani ya silinda) haikupimwa. Hakuna aliyefungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa inanguruma ili atazame kama kuna mapovu. Gasketi ilipotoka haikuwa na alama ya kuungua kati ya silinda na njia ya maji, na jambo hilo lilitosha kumsimamisha mtu ajiulize. Zaidi ya hayo, kuikata hedi kwenye mashine kuliongeza tatizo. Kila sehemu ya milimita inayoondolewa huisogeza kamshafti (shafti ya juu inayofungua valvu) karibu na kranki (shafti kuu ya chini), na cheni, ambayo tayari ilikuwa haina reli, inazidi kulegea.

Gari lilipofika kwangu

Nilimwomba aliache jioni na asiliwashe mtu yeyote. Alfajiri nilifanya mambo matatu.

Kwanza nililegeza bolti ya kutolea oili chini ya sampu, taratibu, bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo usiku hushuka chini kabisa. Yalitoka maji safi ya kijani, karibu kikombe kizima, ndipo oili ikafuata.

Pili, nikapima kompresheni ya silinda zote: psi 160, 158, 162 na 159. Injini yenye gasketi iliyotoboka kati ya silinda na maji kwa kawaida haitoi namba zilizofanana hivyo.

Tatu, nikafungua kava ya valvu na kumulika tochi mbele, ndani ya shimo la cheni. Reli ya upande usio na tenshena haikuwepo. Palikuwa na kipande cha juu kama urefu wa kidole, kimebaki kimeshikiliwa na bolti yake. Nilipoingiza kidole na kuusukuma mnyororo, uligusa ukuta wa kava. Nilimwita mwenye gari aje aguse mwenyewe. Aliweka kidole, akausukuma mnyororo mara mbili, akasikia ule mlio wa kila asubuhi ukitoka chini ya mkono wake. Alinyamaza kwa muda.

Kazi ya dakika tano, kwa tochi. Ingeweza kufanyika siku valvu zilipokuwa zikisetiwa, maana kava hiyo hiyo ilikuwa imefunguliwa.

Maamuzi

Swali la kwanza lilikuwa kama abadilishe injini nzima au atengeneze iliyopo. Nilishauri kutengeneza, kwa sababu ya zile namba za kompresheni. Injini iliyotumika angeinunua bila kujua reli zake zikoje, kwa hiyo bado ingebidi ifunguliwe mbele kabla ya kufungwa. Hata hivyo niliweka sharti: sampu ishuke na beringi za kranki zikaguliwe. Oili iliyochanganyika na maji hailindi beringi, na yeye alikuwa ameiendesha hivyo kwa wiki kadhaa.

Sampu ilishuka. Vipande vya plastiki vilikuwa vimekusanyika kwenye chujio la pampu ya oili, vingine vidogo kama punje. Beringi za konirodi mbili (fito zinazounganisha pistoni na kranki) zilikuwa zimeanza kukwaruzika, shafti yenyewe ikiwa bado laini. Tukabadilisha beringi zote, cheni, magurudumu yake ya meno, tenshena, na reli mpya zenye mgongo wa chuma. Kava ikawa mpya. Ile ya zamani ilikuwa na mfereji uliochimbwa na cheni, na mwisho wa mfereji kulikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mtama.

Neno kwa atakayefanya kazi hii: kuna bolti moja ya kuunganisha hedi na kava ya taimingi ambayo haionekani. Imejificha mbele ya hedi, chini ya meno ya kuendeshea distributa, ndani ya kidimbwi cha oili. Nyonya oili kwanza uione. Wengi huisahau, huchukua nyenzo na kubanjua, na alumini hupasuka. Tena, kava ikirudishwa sampu ikiwa mahali pake, gasketi ya sampu hukatika kona na gari huvuja oili daima. Ishushe.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi kwake: kulishusha gari. Shakoli za awali zikarudi. Yale majani ya springi yaliyoongezwa tuliyaacha, kwa kuwa kazi yake ni ya mzigo na nyuma ilikuwa ikilala sana. Toshenba zikalegezwa hadi kimo cha kawaida, boljointi za chini zikabadilishwa, magurudumu yakapimwa. Fimbo ya valvu ya breki tukaiseti upya kwa kimo kipya cha nyuma, kisha tukajaribu kwenye uwanja mtupu, bila mzigo na kwa mzigo.

Tairi tulibishana. Nilitaka 185R14 zirudi. Yeye alikuwa ametoa pesa nyingi na tairi za nyuma zilikuwa bado nzima. Tulikubaliana azimalize, akijua spidomita inamdanganya na kwamba mlima wenye mzigo ni wa gia ya tatu.

Taa nne zilikuwa za wati 55 kila moja, jumla 220. Kwa volti 12 hiyo ni zaidi ya ampea 18, zote zikipita kwenye swichi ya awali ya dashibodi. Plastiki ya waya ilikuwa imeanza kulainika. Tukaweka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) na fyuzi karibu na betri, na waya mnene. Kazi ya saa moja.

Chasisi

Hili ndilo nililokosea mimi. Nilipolipokea gari nilikagua injini na sasipensheni, nikampa mwenye gari makadirio ya muda. Chasisi niliigonga kwa nyundo hapa na pale, ikalia vizuri. Wiki ya pili, tukiwa tunatoa shakoli, bisibisi ilimponyoka kijana wangu ikapiga upande wa kushoto, mbele kidogo ya kishikio cha springi. Ikazama hadi mpini.

Ile rangi nyeusi ilikuwa imefunika chuma kilichokwisha. Chasisi ya aina hii ni sanduku, tope huingia kwa juu na kukaa ndani, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Nyundo niliipiga juu, ambako chuma ni kizima. Chini na kwenye kona ndiko kunakooza. Tangu hapo sikagui tena chasisi kwa nyundo peke yake. Nachukua bisibisi butu na kusukuma kila kona ya chini, mbele na nyuma ya kila kishikio cha springi.

Tulisimamisha kazi na kumweleza. Betri ilitolewa, tangi la mafuta likashushwa, bomba la breki lililopita pale likasogezwa. Tukakata mpaka tukafika kwenye chuma kinachong'aa, pana zaidi ya tulivyotarajia, kisha tukachomelea bati la unene ule ule. Juu yake tukaweka bati la pili ambalo ncha zake zimekatwa kwa pembe kali. Weldi inayosimama wima kukata chasisi huacha mstari mmoja wa udhaifu, na gari la mzigo hupasukia hapo hapo. Ndani tukapuliza nta.

Makadirio yangu ya muda yalizidi maradufu. Kazi zake zilichelewa kwa sababu yangu, na nilimwambia hivyo.

Matokeo

Mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Oili inatoka na rangi yake, maji hayajaongezwa zaidi ya kiasi cha kawaida. Padi za mbele zilizofungwa siku ile bado zina zaidi ya nusu, kwa mzigo ule ule na dereva yule yule. Injini inawaka alfajiri kimya.

Yaliyobaki: gari limeshuka, na anakwaruza tena tumbo mara moja moja. Tumemfungia bati la kinga chini ya sampu. Weldi inakaguliwa kila miezi sita, na haijaonyesha ufa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi hasa ni kupima kabla ya kufungua. Bolti ya sampu iliyolegezwa alfajiri, geji ya kompresheni na tochi vilitoa jibu ambalo kufungua hedi nzima hakukulitoa. Na kompresheni hiyo hiyo ndiyo iliyotuwezesha kuamua kwa uhakika kuitunza injini.

Kilichoshindikana ni mpangilio wa matumizi. Pesa ya mwezi wa kwanza ingetosha kufungua mbele ya injini na kubaki. Kama reli zingebadilishwa wakati ule, kava isingetoboka, hedi isingeguswa, beringi zisingekwaruzika. Simlaumu kwa kutaka gari lililoinuka. Hitaji lake lilikuwa la kweli. Lakini gari la miaka mingi ambalo hujalifahamu halijakuwa lako bado. Kwa maoni yangu liendeshwe kwa miezi mitatu likiwa lilivyo, huku mwenyewe akiandika kila sauti, kila tone na kila lita ya maji, kabla ya kubadilishwa hata bolti ya urembo.

Kuhusu kuinua, kosa halikuwa kimo. Fundi wa kwanza aliangalia springi akaona springi, hakuona kwamba breki, pembe za magurudumu na boljointi vyote vinasoma kimo hicho hicho. Pikapu hii ingeweza kuinuliwa kwa usalama, kwa kiasi, iwapo fimbo ya valvu ingesetiwa na magurudumu kupimwa siku ile ile. Mwenye gari ameniuliza kama tunaweza kujaribu tena, sentimita tatu nyuma na mbili mbele. Nimemjibu tufungue kwanza upande wa kulia wa chasisi, ambao hadi leo tumeusukuma kwa bisibisi tu bila kuukata. Amepanga kulileta gari wiki ya mwisho ya mwezi ujao.